Mkono wa Mwalimu Ubukata

Karatasi waliyomwekea Kozue Nabeta kando ya bakuli lake la wali ilikuwa na mistari sita tu, na yote sita ilikuwa ya uongo.

"Isome, kisha utie dole hapo chini," alisema Bi Isurugi, mtayarishaji wa filamu, akisukuma kisahani cha wino mwekundu kati ya samaki wa kuchoma na achari ya figili. "Halafu ule. Chakula kinapoa."

Kozue aliisoma polepole. Ilisema kwamba yeye, Kozue Nabeta, mwenye umri wa miaka ishirini na mbili, saa tisa alasiri ya siku ile alimwona Mwalimu Ubukata akishuka ngazi za mawe ziendazo gatini. Kwamba mvua ilikuwa kubwa. Kwamba mzee aliteleza mwenyewe. Kwamba hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Sikuona hivyo," alisema.

"Eti?" Hozumi, mchoraji wa mandhari, alitega sikio kwa kiganja. "Huyu binti akitaka kusema neno, lazima mtu atoke nje akakiombe kimbunga kinyamaze kwanza."

Siku nyingine wangecheka. Jioni ile hakuna aliyecheka, kwa sababu nyuma ya ukuta wa jikoni, ndani ya ghala la mchele, Mwalimu Ubukata alikuwa amelazwa chini ya shuka jeupe, na harufu ya ubani aliouwasha Mama Hatsue, mwenye nyumba ya wageni, ilikuwa inapenya mpaka kwenye chakula.

Walikuwa na siku kumi na mbili kisiwani Tobine. Filamu ilikuwa imechelewa, na filamu ikichelewa, Tokyo wana dawa yao: wachoraji wanatiwa koponi kama samaki. Wanapelekwa nyumba ya wageni ya mbali, wanafungiwa na penseli zao, wanaletewa chakula mlangoni, na hakuna ruhusa ya kumgongea mtu mpaka afungue mwenyewe. Kazi iliyokamilika inawekwa kwenye sanduku nje ya mlango. Saa sita mchana na saa kumi na moja jioni Bi Isurugi anapita na kukusanya, kama mtu anayeokota mayai.

Filamu yenyewe ilikuwa katuni ya mauaji. Wageni wamekwama kisiwani, mmoja mmoja anakufa, na muuaji anakula nao meza moja. Hozumi alikuwa hachoki kufanya mzaha juu ya hilo. Kila wakikaa kula alikuwa akiuliza, "Haya, leo zamu ya nani?" Tangu saa kumi na moja jioni ile, Mama Hatsue alipomkuta mzee chini ya ngazi, fuvu limepasuka na nguo zimelowa chapa, Hozumi hakuuliza tena.

"Kozue," alisema Sagane. Huyu ndiye mwongozaji, mtu mwembamba wa miaka arobaini na mitano, mwenye sauti ya upole kama daktari wa watoto. "Hakuna anayekulaumu. Simu imekatika, boti haitafika hadi kesho. Askari akija akakuta maneno yetu hayalingani, ataifunga filamu. Akikuta shahidi aliyeona mzee akiteleza, atamfunika mzee, atatupa pole, na sisi tutamaliza kazi aliyoipenda. Basi."

"Lakini sikuona."

"Ulikuwa wapi mchana?"

"Chumbani kwangu. Nachora."

"Na nani?"

Kozue alitazama mkeka. "Peke yangu."

"Unaona sasa." Sagane alitandaza vidole vyake mezani. "Sisi watatu tulikuwa ukumbini tangu saa sita mpaka saa kumi na moja. Bi Isurugi anajua. Hozumi anajua, alitushinda karata mpaka tukachoka. Kama mzee hakuteleza, basi alisukumwa. Na kama alisukumwa, nani alikuwa peke yake? Tena nani alikoromeana naye asubuhi mpaka Mama Hatsue akaangusha sufuria?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma.

Asubuhi saa nne Kozue alimpelekea Mwalimu michoro yake. Kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya kati. Mwalimu alichora mkono uko juu, kisha mkono uko chini, na Kozue akachora yote yaliyo katikati, ili mkono ushuke. Mzee aliichukua ile michoro, hata hakuitazama. Alishika tu kona za chini za karatasi kwa vidole viwili. Uso ukamwiva.

"Hujapepeta!" alipiga kelele. "Angalia kona zako! Ngumu kama kadi za harusi! Umechora ukiwa umelala?"

Kupepeta ndiko kuchora kwenyewe. Mchoraji hushika karatasi tano kati ya vidole vya mkono mmoja, akazipeperusha mbele na nyuma juu ya ile meza ya kioo yenye taa chini, mara mia, mara mia mbili, mpaka aone kitu kinatembea. Akiona kinakwama, anafuta, anachora, anapepeta tena. Karatasi iliyofanyiwa kazi hivyo hulegea kwenye kona, ikawa laini na nyeusi kwa vumbi la penseli. Za Mwalimu zilikuwa laini kama leso ya bibi. Za Kozue asubuhi ile zilikuwa ngumu, kwa sababu alikuwa amechoka na alitaka kumaliza.

Mzee alizirusha. Zikampiga Kozue kifuani, zikatawanyika. Na Kozue, ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kuinua sauti mbele ya mtu, akasikia mwenyewe anafoka: "Mimi si mashine! Chora mwenyewe basi!" Akatoka bila kuziokota. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mtu pekee ambaye hakuwahi kumuuliza aliacha shule mwaka gani. Siku aliyokwenda kuomba kazi, mzee alimwambia tu, "Nionyeshe vidole vyako."

"Tuligombana," alisema sasa. "Sikumuua."

"Hatusemi ulimuua," alisema Bi Isurugi haraka. "Tunasema tia dole."

"Labda alianguka asubuhi. Nyie asubuhi mlikuwa wapi?"

"Asubuhi?" Sagane alitabasamu kwa huzuni. Akanyoosha mkono, na Bi Isurugi akampa bahasha ya kaki. "Saa sita sanduku lake lilikuwa tupu. Bi Isurugi alilikagua mwenyewe. Saa kumi na moja lilikuwa na hiki. Kipande cha mia tatu na kumi na mbili, kimekamilika, michoro kumi na nne. Mzee alifanya kazi mchana kutwa. Maiti hachori, Kozue."

Kipande cha 312 ndicho walichokuwa wakikisubiri wote. Ni mkono wa muuaji unafunga mlango. Uso hauonekani, ni mkono tu, na kwa huo mkono mtazamaji anamjua muuaji. Mzee alikuwa na wiki nzima anauchora kwa rasimu, anaukataa, anaanza upya.

"Naomba niione," alisema Kozue.

Alizitoa karatasi kwenye bahasha. Ulikuwa mkono mzuri, hakuna ubishi. Mistari safi, kucha safi, mikunjo ya kidole cha shahada mahali pake. Kozue alishika kona ya chini kwa vidole viwili, kama mzee alivyofanya asubuhi.

Kona ilikuwa ngumu kama kadi ya harusi.

Akashika ya pili. Ya saba. Ya kumi na nne. Zote zilikuwa vilevile. Alizirudisha kwenye bahasha moja moja, akampa Bi Isurugi bahasha ile kwa mikono miwili, kwa adabu. Walikuwa wamezoea ukimya wake. Basi akawapa ukimya.

"Umeridhika?" aliuliza Sagane.

"Sitii dole."

"Nini?"

Safari hii hata Hozumi alisikia. "Sitii dole," alirudia Kozue. "Sikuona, na sitasema niliona."

Upole wa Sagane ulidondoka kama kifungo kilichokatika uzi. "Unajua unajiingiza wapi? Askari akifika tutamwambia tunayoyajua, basi. Kwamba ulimfokea. Kwamba ulikuwa peke yako. Umeishia darasa la ngapi wewe? Nani atakusikiliza, mpanga mistari kama wewe, mbele ya watu watatu wazima?"

"Mwambieni."

"Kozue, mwanangu," Bi Isurugi alimshika kiwiko. "Usijiharibie. Ni dole tu."

"Kama ni dole tu, tia la kwako." Kozue aliikunja ile karatasi ya mistari sita mara mbili, akaiweka chini ya bakuli lake ambalo hakuligusa, akainuka, akainama kidogo kama inavyopasa, akaenda jikoni.

Mama Hatsue alikuwa anaosha masufuria. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mvuvi, na hakugeuka.

"Nimesikia," alisema. "Kuta zangu ni za karatasi. Shika kitambaa ukaushe."

Kozue akakausha. Kichwa chake kilikuwa kinakimbia. Michoro ile haikupepetwa. Aliyeichora alikuwa na kitu cha kufuatisha. Aliweka karatasi safi juu ya rasimu za mzee, akawasha taa, akapita juu ya mistari. Mtu anayefuatisha hana haja ya kupepeta. Basi rasimu alikuwa nazo yeye. Baada ya maiti kuletwa, Kozue alikuwa ameingia chumbani kwa mzee kumtafutia kimono safi, na sasa alikumbuka meza ilivyokuwa: penseli zimepangwa, kifutio, majivu ya sigara. Rasimu hazikuwepo. Na mzee hakuwahi kutupa rasimu hata moja maishani mwake. Zote alimpa Kozue ajifunzie.

"Mama Hatsue, leo kuna mtu aliyechoma karatasi?"

"Wapi?"

"Popote. Kwenye jiko. Kwenye tanuri la bafu."

"Moto wa nyumba hii naukoka mimi. Hakuna aliyetia humo hata ganda la yai." Mama Hatsue alisugua, kisha akaacha kusugua. "Lakini huyo mwongozaji wenu alinijia jioni kuomba kiberiti. Nikampa. Baadaye nikamkuta amesimama mbele ya tanuri la bafu, mfuko wake wa kazi kwapani, kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikamuuliza, bwana, maji bado hayajapata moto? Akaniambia samahani, akaenda zake. Kiberiti hajanirudishia mpaka sasa."

Kozue aliweka sahani chini, taratibu sana.

"Usiku huu unalala kwangu," alisema Mama Hatsue. "Na mlangoni tunaweka gunia la mchele."

Asubuhi bahari ilikuwa bado chafu lakini imetulia, simu ilirudi alfajiri, na saa mbili boti ya polisi aliyoiita Mama Hatsue kutoka kisiwa cha jirani ilifunga gatini. Alishuka askari mmoja mnene, Afande Oribe, koti la mvua likimbana tumboni. Alikwenda ghalani, akakaa huko na maiti muda mrefu. Alizipanda ngazi na kuzishuka mara tatu, akihema. Kisha akawaketisha wote ukumbini, akaomba chai, akafungua daftari.

Sagane alieleza yote, tena kwa uzuri. Alimsifu mzee hadi Bi Isurugi akafuta macho. Alisimulia ugomvi wa asubuhi kwa masikitiko, kama mtu anayelazimishwa. Alieleza sanduku tupu la saa sita na sanduku lililojaa la saa kumi na moja. Alipofika kwa Kozue hakumtazama.

"Hatumshtaki mtu," alimalizia. "Ila ukweli ndio huo."

Afande alimgeukia Kozue. "Binti, una la kusema?"

Macho yalimgeukia. Tangu utotoni akiangaliwa na watu wengi hivi alikuwa anaona giza. Akafikiria ghala, na shuka, na mzee aliyelala peke yake akisubiri mtu mmoja amsemee. Akasimama.

"Ninalo," alisema. "Naomba bahasha."

Bi Isurugi alisita, lakini afande alinyoosha mkono na bahasha ikatoka. Kozue aliweka kipande cha 312 mezani. Kando yake akaweka michoro mingine ya mzee, ya wiki iliyopita, aliyokuja nayo kutoka chumbani kwake.

"Afande, shika kona ya hii. Kwa vidole viwili. Sasa shika ya hii."

Afande alishika. Alishika tena. "Hii laini. Hii ngumu. Lakini binti, mimi hata kuku sijui kuchora. Maana yake nini?"

"Laini imepepetwa. Ngumu haikupepetwa. Mwalimu hakuchora hii."

Sagane alitoa kicheko kifupi. "Jamani! Mzee wa miaka sabini na moja, amechoka, ana haraka. Hakupepeta. Ndiyo ushahidi huo?"

Kozue alimgeukia. Sauti yake ilisikika ukumbi mzima. "Jana asubuhi nyumba nzima mlinisikia nikigombezwa. Mnasema ndiyo sababu ya mimi kuua. Haya. Niambieni, Mwalimu alikuwa ananigombeza kwa kosa gani?"

Bi Isurugi alimtazama Sagane. Sagane alitazama chai yake.

Hozumi ndiye aliyejibu, polepole, kama anayesoma kitu kwa mbali. "Kwa... kutopepeta."

"Alinirushia karatasi kifuani saa nne kwa sababu hazikupepetwa! Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, akae achore kumi na nne, tena kipande anachokipenda kuliko vyote, asipepete hata moja?"

"Mungu wangu," alisema Hozumi.

Afande alikuwa ameacha chai. "Kama si yeye, nani kachora?"

"Bi Isurugi penseli anaitumia kukunia kichwa tu," alisema Kozue, na lau siku ingekuwa nyingine angejishangaa. "Bwana Hozumi ni mtu wa brashi na rangi. Mkono unaotembea hajawahi kuchora. Tumebaki wawili, mimi na Bwana Sagane. Mimi nilikuwa chumbani, hakuna aliyeniona. Lakini yeye mlimwona. Bwana Hozumi, mlipokuwa mnacheza karata, yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alicheza mikono miwili mitatu, kisha..." Hozumi alipangusa paji la uso. "Kisha alikaa pale pembeni na meza yake ya kioo. Anasahihisha kazi. Kama kawaida yake. Mchana kutwa."

"Anasahihisha kazi ya nani?"

"Sijui, dada. Sikuangalia. Mwongozaji akiinama kwenye taa nani anaangalia?"

"Bi Isurugi," Kozue aligeuka. "Saa sita ulikusanya nini?"

Bi Isurugi alikuwa mwanamke aliyekumbuka kila karatasi ya filamu ile, iko wapi na kwa nani. "Sikukusanya kitu," alisema hatimaye. "Sanduku la Mwalimu lilikuwa tupu. Lako pia lilikuwa tupu." Uso wake ukabadilika rangi, akamgeukia Sagane. "Ryohei. Hukuwa na kazi ya kusahihisha. Sikukuletea hata karatasi moja. Ulikuwa unachora nini mbele yetu?"

Afande Oribe aliinuka kwa kuegemea meza. "Bwana, naomba huo mfuko wako."

"Una kibali?"

"Sina. Nina boti, na nina maiti. Nikikuomba kwa adabu ukanikatalia, nakaa hapa na wewe mpaka kibali kije, na huyu mama ana chai ya kutosha."

Mfuko ulikuwa miguuni pa Sagane. Kwa mshangao wa wote, aliuinua mwenyewe na kuuweka mezani mbele ya Kozue, si mbele ya askari.

Chini kabisa, chini ya majalada yake, palikuwa na rundo la karatasi zilizolegea, zenye kona nyeusi. Kona moja ilikuwa imeungua kidogo, kiasi cha ukucha.

Kozue aliziweka kati ya vidole vyake. Hakuomba ruhusa. Akapepeta.

Mkono ukafunga mlango. Vidole vinne vilisukuma, na kidole kidogo kilibaki nyuma, kikigusa fremu, kama cha mtu ambaye bado angeweza kurudi ndani na kuomba msamaha. Kisha nacho kikaondoka. Hozumi alijifunika mdomo. Hata afande, asiyejua kuchora kuku, alisema "lo!" kwa sauti ndogo.

"Niliwasha kiberiti mara mbili," alisema Sagane. Alikuwa anaziangalia karatasi, si watu. "Mara ya pili kona ilishika. Nikazima kwa kiganja. Zitazame tu. Nani angeweza?"

Kozue aliacha kupepeta. Hasira iliyompanda ilikuwa baridi.

"Karatasi zake ulishindwa kuzichoma," alisema. "Yeye mwenyewe uliweza kumsukuma."

Sagane aliinamisha kichwa. Yaliyobaki aliyasema kwa sauti ileile ya upole, na afande aliandika. Mpango wote wa picha, yaani michoro ya kuongoza kila tukio kuanzia mwanzo wa filamu hadi mwisho, mzee ndiye aliyeuchora, na Sagane akaweka jina lake mwenyewe. Jana asubuhi, baada ya kumfokea Kozue, mzee alitoka kwenda juu ya ngazi kutazama mawimbi, kama alivyofanya kila siku, maana hakushuka ngazi zile kukiwa na mvua tangu avunjike nyonga. Sagane alimfuata. Mzee akamwambia ataandika gazetini. Ilikuwa saa tano Sagane alipomsukuma. Baada ya hapo Sagane aliingia katika chumba cha mzee kisicho na mtu, akakuta rasimu mezani, akafikiri: sanduku likijaa jioni, itaonekana nilikuwa nimekaa na watu wakati anakufa. Alipokwenda chooni saa kumi, alizitumbukiza karatasi alizofuatisha sandukuni njiani.

"Na mimi?" aliuliza Kozue. "Ulipokuwa unachora, ulijua nitasingiziwa mimi?"

"Nilijua utatia dole," alisema Sagane. "Wewe hujawahi kukataa kitu."

Afande alimpeleka botini. Hozumi aliwafuata na mwavuli, ingawa mvua ilikuwa imekwisha, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Afande aliporudi aliketi, akageuza ukurasa mpya.

"Sasa maelezo yako, binti. Jina nimeandika. Kazi?"

"Msaidizi," alisema Bi Isurugi, ambaye alikuwa ameketi kando na uso uliovimba. "Msaidizi wa michoro."

"Mchoraji," alisema Kozue.

Afande alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaandika.

"Kozue." Bi Isurugi alishusha sauti, akasogea mpaka kiwiko chake kikawa juu ya daftari. "Mauaji ni mauaji, yaandikwe. Lakini mambo ya mpango wa picha, nani aliuchora, hayo yana haja gani ya kuingia polisi? Yakitoka, filamu imekufa. Watu sitini wameifanyia kazi miaka miwili. Na wewe pia. Tunaweza kuimalizia, mimi na wewe. Nitakupandisha. Utachora mikono mikuu, si ya kati tena. Acha tu hilo moja. Mwalimu mwenyewe angetaka filamu itoke."

Kozue alimtazama usoni. Hakuwa mtu mbaya, Bi Isurugi. Jana alimwekea karatasi ya uongo kando ya wali akamwambia ale kabla chakula hakijapoa, na sasa analia; huruma ya jana na machozi ya leo, yote mawili ni ya kweli.

"Afande," alisema Kozue, "andika hivi. Mpango wa picha wa filamu hii, kipande cha kwanza hadi cha mwisho, ni kazi ya Tatsuoki Ubukata. Andika jina lake lote."

"Kozue!"

"Filamu ikifa na ife. Ikitoka, itoke na jina lake. Andika pia kwamba jana saa moja jioni niliwekewa karatasi nitie dole kwamba niliona nisichokiona, na ni nani waliokuwepo mezani."

Kalamu ya afande ilikwenda, ikasimama. Kuna kitu kilikuwa kimeizuia njiani.

"Toa kiwiko, Bi," alisema Kozue. "Bado sijamaliza."